Wenzangu wa baiskeli wananihangaisha njiani: nifanyeje?

SWALI: Naendesha baiskeli kwenda kazini, kilomita 8 kwenda na 8 kurudi, sehemu kubwa kwenye njia ya baiskeli na iliyobaki barabarani pamoja na magari. Wanaonichosha ni waendesha baiskeli wenzangu. Wananipita ubavuni bila kengele, wengine hata pale ninapokwepa kidimbwi. Wapo wanaokuja upande usio wao. Kwenye taa wananitangulia, kisha wanaondoka polepole. Wiki iliyopita aliyekuwa mbele yangu alifunga breki ghafla, gurudumu langu likagusa la kwake, nikaanguka mimi, yeye akaenda zake. Tangu siku hiyo cheni inarukaruka. Na mwezi huu nimepata pancha tatu, zote gurudumu la nyuma. Nifanyeje nifike salama, na watu hawa niwajibuje?

JIBU: Pole sana kwa kuanguka. Kabla ya kuzungumzia tabia za wenzako, tumalize kwanza habari ya ajali, kwa sababu hukusema kama wewe na baiskeli mmekaguliwa.

Kama kofia yako ngumu iligonga chini, tafuta nyingine hata kama huoni ufa wowote. Povu gumu lililo ndani yake hupokea kishindo kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi. Pigo la pili mahali palepale litafika kichwani karibu lote. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida au kusahausahau ni sababu ya kwenda hospitali leo hii, ingawa siku kadhaa zimepita. Tena, anayeanguka kwenye baiskeli kwa kawaida hutanguliza kiganja. Ikiwa bado unasikia maumivu ukibonyeza kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba, upande wa mgongo wa mkono, usiridhike kwamba umeteguka tu. Kuna kifupa kidogo hapo ambacho ufa wake unaweza usionekane kwenye eksirei ya kwanza, na kikiachwa hivyo huunga vibaya au kisiunge kabisa.

Halafu baiskeli. Simama mbele yake, bana gurudumu la mbele kwa magoti, uangalie kama usukani umekaa mraba na gurudumu. Ukiwa umepinda, legeza bolti za shingo ya usukani, unyooshe, ukaze tena. Inua kila gurudumu ulizungushe: lisiguse breki, wala lisiyumbe kwa zaidi ya milimita 2 au 3. Angalia uma, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ukiwa ubavuni. Kama miguu yake imerudi nyuma, au rangi ya fremu imekunjamana au kupasuka karibu na shingo, usiipande baiskeli hiyo mpaka fundi aione. Mwisho, funga breki ya mbele uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kitu kinagonga shingoni, bringi za uma zimelegea. Kimkono cha gia cha nyuma, kile kinachohamisha cheni, nakiacha kwa sasa, maana ndicho kinachonitia shaka kuhusu cheni yako, nitakirudia.

Sasa, kwa nini ulianguka wewe na si yeye. Mwendeshaji huisimamisha baiskeli kwa kugeuza usukani kidogo kidogo, tena na tena, bila yeye mwenyewe kujua. Ikianza kulalia upande mmoja, gurudumu la mbele hugeukia upande huohuo na kurudi chini ya uzito, kama mtu anayesimamisha ufagio kiganjani anavyoufuata kwa mkono. Gurudumu lako la mbele lilipogusa la nyuma la mwenzako, lilizuiwa kugeuka. Mwili ukaendelea kulala, gurudumu likashindwa kuufuata, na hapo ni vigumu sana kujiokoa. Yeye aliguswa gurudumu la nyuma, ambalo halina kazi hiyo. La mbele alikuwa nalo huru. Inawezekana kabisa kwamba alihisi mtikisiko tu. Kufunga breki bila kutoa ishara lilikuwa kosa lake, na kuondoka bila kutazama nyuma ni ukosefu wa utu. Lakini anayelipa gharama ya magurudumu kugusana ni aliye nyuma, karibu kila mara, na kwa hiyo aliye nyuma ndiye anayepaswa kulinda ile nafasi.

Nafasi kiasi gani? Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa unasafiri mita 5.5 kila sekunde. Mtu aliyeshtukizwa huchukua karibu sekunde moja kabla breki hazijaanza kushika. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita 4 zaidi kukusimamisha. Jumla ni mita 9 hadi 10. Kwa kilomita 25 inafika karibu mita 13. Aliye mbele yako naye hasimami papo hapo, kwa hiyo unapomfuata mtu, kinachokuponza hasa ni ile sekunde moja ya kushtuka. Acha mita 5 hadi 6, yaani urefu wa baiskeli tatu. Watu watajipenyeza kwenye nafasi hiyo. Waache, kisha rudi nyuma ufungue nyingine. Kila aliyejipenyeza amekuchelewesha sekunde moja au mbili tu.

Msongamano ukiwa mkubwa na nafasi hiyo haipatikani, punguza mwendo na uweke vidole viwili juu ya kila kiko cha breki, kile unachokibana usukanini, muda wote. Usikae sawia nyuma yake. Sogea kando kidogo, kama nusu mita, huku gurudumu lako likibaki nyuma ya lake bila kulifikia, ili akisimama ghafla uwe na pa kupita na macho yako yaone barabara iliyo mbele yake. Tazama juu ya bega lake, usilikodolee macho gurudumu lake la nyuma. Breki za watu walio mbele zaidi, mtembea kwa miguu anayekanyaga njia, mlango wa gari unaoanza kufunguka: hayo ndiyo yatakayomfanya afunge breki, na unaweza kuyaona mapema kama yeye.

Ikitokea tena magurudumu yamegusana, silika itakuambia uvute usukani kwa nguvu ulikimbie gurudumu la mwenzako. Kuvuta huko ndiko kunakoangusha. Egemea kidogo kuelekea gurudumu unalogusa, ushike usukani imara, upunguze mwendo kwa breki ya nyuma peke yake mpaka magurudumu yaachane. Ni jambo la nusu sekunde na halifaulu kila mara, ila lina nafasi nzuri kuliko kuvuta.

Kuhusu breki zenyewe, jambo moja linalowaponza wengi. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli, kwa sababu unapofunga, uzito mwingi husukumwa mbele na gurudumu la nyuma hubaki jepesi na kuanza kuburuzika. Wanaoiogopa ya mbele husimama kwa umbali unaokaribia mara mbili. Zifunge zote mbili, ya mbele kwa nguvu inayoongezeka taratibu, mikono ikiwa imenyooka, makalio yamesogea nyuma ya kiti. Na ukiazima au kukodi baiskeli, hakikisha kwanza kiko kipi ni cha mbele. Katika nchi nyingi ambako magari hupita kushoto, breki ya mbele iko mkono wa kulia. Kwingi ambako hupita kulia, iko mkono wa kushoto. Mtu aliyezoea mpangilio mmoja akipewa mwingine hufunga ya mbele kwa nguvu za ya nyuma, na anaweza kupinduka juu ya usukani.

Tuje kwa wanaokupita bila kengele. Kengele inayopigwa vibaya ni hatari karibu sawa na isiyopigwa, nawe pia ni vizuri ujue hili unapowapita wengine. Mtu akisikia kengele mgongoni kwa karibu, hugeuza kichwa upande ilikotoka sauti. Bega hufuata kichwa, mkono hufuata bega, na baiskeli huingia hasa katika njia ya yule anayempita. Ndiyo maana kengele hupigwa mbali. Ukiwa unamzidi mtu kilomita 10 kwa saa, unamkaribia kwa karibu mita 3 kila sekunde. Kengele ya mita 3 inampa sekunde moja. Kengele ya mita 15 inampa tano, muda wa kutosha kusikia, kuelewa na kukaa upande wake. Gonga mara moja au mbili, usubiri dalili kwamba amesikia, upite ukiwa na nafasi ya mita moja kati ya usukani wako na wake, urudi mbele yake baada tu ya kumwona nyuma yako kwa kugeuza shingo. Pasipo nafasi ya mita moja, usimpite. Subiri njia ipanuke. Wa kuwahurumia zaidi ni watoto, wazee, mtu aliyevaa vifaa vya kusikilizia muziki, na mbwa mwenye kamba ndefu, ambaye anaweza kuwa upande mmoja na mwenye naye upande mwingine. Kwa hao, punguza hadi mwendo wa mtu anayekimbia polepole.

Huwezi kumlazimisha mtu aliye nyuma yako apige kengele. Unachoweza ni kumfanya asikose kujua unakwenda wapi, na hapa ndugu yangu, kile kidimbwi ulichokitaja kina somo. Aliyekupita wakati ule hakufanya vyema, lakini kwa macho yake wewe ulikuwa umenyoosha, nafasi ilikuwa wazi, kisha ghafla ukaiziba. Kukwepa ghafla ni hatua inayoweza kusababisha mgongano wa ubavuni kwenye njia ya baiskeli. Dawa yake ni kutazama nyuma kabla ya kusogea, kila mara, hata kwa kusogea nusu mita.

Kutazama nyuma bila kuyumba ni ujuzi wa kujifunza. Tafuta uwanja mtupu wenye mstari uliochorwa. Endesha juu ya mstari kwa mwendo wa wastani, geuza kichwa tu, kidevu kielekee begani, huku mabega na viwiko vikiwa vimelegea. Wengi huyumba kwa sababu wanageuza kiwiliwili kizima wakiwa wameukamata usukani kwa nguvu. Kama bado unayumba, ondoa mkono wa upande unaotazama uuweke pajani, kisha geuza kichwa. Fanya hivyo pande zote mbili mpaka uweze kusema nyuma yako kuna nini bila gurudumu kutoka mstarini. Njiani, anza sekunde 4 au 5 kabla ya kidimbwi: tazama, nyoosha mkono, rudisha mkono usukanini, ndipo usogee taratibu kwa mshazari mrefu. Mkono urudi kwanza kabla ya kufunga breki, kwani anayefunga kwa mkono mmoja hupindisha usukani. Ukiona kuna mtu anakuja na muda umekwisha, usikwepe. Punguza mwendo, inuka kidogo kitini, pedali zikiwa usawa mmoja na magoti yamekunjwa, upite katikati ya kidimbwi polepole, maana huwezi kujua shimo lililo chini ya maji lina kina gani.

Mahali unapoendesha nako kunawaambia watu jambo. Usukani una upana wa sentimita 60 hadi 70, kwa hiyo ukiwa sentimita 30 tu kutoka ukingoni, mkono wako uko juu ya ukingo tayari. Huna pa kukwepea upande huo, pedali inaweza kugonga ukingo, na hapo ndipo vigae vya chupa, changarawe na vifuniko vya mifereji vilipo. Kaa sentimita 75 hadi mita moja kutoka ukingoni. Pembeni mwa magari yaliyoegeshwa, acha mita 1.2 hadi 1.5, kwa kuwa mlango wa gari ukifunguliwa wote unachukua karibu mita nzima. Hapo ndipo utakapoona baadhi ya waendesha baiskeli wakijipenyeza kati yako na milango. Usiwafuate na usiwazibie. Njia ikiwa nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawawezi kupishana kwa usalama, shika katikati mpaka ipanuke, kisha rudi upande wako uwaachie wapite.

Wanaokuja upande usio wao ni tatizo zito zaidi, na hapa sina upole nao. Wewe kilomita 20, yeye kilomita 20: mnakaribiana kwa mita 11 kila sekunde. Ukimwona akiwa mita 30 mbele, mna chini ya sekunde 3 za kukubaliana bila maneno nani apite wapi, na kawaida wote wawili hukwepa upande mmoja. Mwenyewe huamini yuko salama kwa sababu anaona kinachokuja. Kwenye makutano, dereva anayeingia barabara kubwa hutazama upande magari yanakotoka, akiona pako wazi anaingia. Anayetokea upande wa pili hayumo kabisa katika mtazamo wake.

Ukikutana naye, acha kukanyaga pedali mara moja na upunguze mwendo. Baki kwenye mstari wako, upande ulio wako kisheria, unyooke kama reli ili aweze kukusoma. Usimkwepe kwa kuingia upande wa magari, kwa kuwa huwezi kumwona dereva aliye nyuma yako. Anayepaswa kusogea ni yeye, naye anayaona magari. Akiendelea kukujia, simama kabisa, weka mguu mmoja chini. Baiskeli iliyosimama ni rahisi kuizunguka, na hata mkigusana ni kwa mwendo wake peke yake. Mahali pa kuwatarajia ni palepale kila siku: karibu na vituo, mbele ya shule, na popote ambapo kuvuka barabara kwenda upande sahihi kunachukua muda mrefu. Ukishapajua, pita hapo vidole vikiwa kwenye breki.

La kwenye taa ni la usumbufu kuliko hatari, ila linakuwa hatari pale mwenye haraka anapotaka kumpita mwenzake katikati ya makutano. Taa ikiwaka kijani, magari yanakata kona na watembea kwa miguu wa mwisho bado wako njiani. Mpishe huyo mpole mpaka mvuke wote, halafu mpite kwenye sehemu iliyonyooka. Hakikisha pia umeingia gia nyepesi kabla hujasimama, ili usiwe wewe unayeyumba wakati wa kuondoka: sekunde 3 za kwanza ndizo ambazo baiskeli huyumba zaidi, na mtu aliyesimama na gia nzito hujirusha huku na huku kwenye usukani. Na lori au basi likiwa kichwa cha foleni, usijipenyeze ubavuni mwake hata kama wenzako wote wanapita. Likikata kona, magurudumu yake ya nyuma hupita ndani zaidi ya yale ya mbele na kuifunga nafasi uliyosimama. Ukiwa huioni sura ya dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Kaa nyuma.

Umeuliza uwajibuje. Neno fupi kabla ya tukio lina faida, hotuba baada ya tukio haina. "Napita!" "Simama!" "Shimo!" Maneno ya silabi chache, kwa sauti kubwa isiyo na matusi, yanasikika na kueleweka kwa mwendo wowote. Unapopunguza, shusha mkono wenye kiganja wazi kuelekea nyuma, au sema tu "Nasimama". Hiyo ndiyo ishara aliyokunyima mwenzako, na ukiitoa kila siku, walio nyuma yako wataiiga. Lakini usimfukuze aliyekukosea umweleze. Mapigo ya moyo yakiwa juu, macho hubana yakamwona mtu mmoja tu, na huko njiani ndiko mtu hugonga kitu cha tatu. Mkikutana kwenye taa na bado unaona ni lazima, sema jambo moja linalohusu kitendo: "Ulinipita karibu sana, nilikuwa karibu kuanguka." Kisha nyamaza. Wengi kweli hawakujua. Akikugonga mkaanguka, hiyo ni ajali kama nyingine: picha ya mahali, jina na namba yake ya simu, shahidi mmoja, na taarifa polisi kama kuna aliyeumia, kabla hajaondoka mtu yeyote.

Hukuuliza habari ya taa ya baiskeli, ila kwa kuwa unaenda na kurudi kazini, kuna miezi utapita gizani, na taa zinazopofusha ni kero nyingine ya waendesha baiskeli. Inamisha taa ya mbele ili kitovu cha mwanga kiguse ardhi mita 5 hadi 10 mbele. Isimamishe baiskeli, tembea mita 10 mbele yake, ugeuke: kama taa inakuumiza macho ukiwa umesimama wima, bado iko juu. Usitumie ya kumetameta kwenye njia ya baiskeli, kwa sababu anayekuja mbele hushindwa kukadiria umbali wako. Taa nyekundu ya nyuma mara nyingi hufunikwa na koti refu au mfuko. Itazame ukiwa umekaa kitini, mwombe mtu akusaidie.

Sasa pancha. Tatu ndani ya mwezi mmoja, zote gurudumu moja, mara nyingi zina chanzo kimoja kilichobaki ndani. Kila ulipoziba tyubu ukairudisha, ukairudisha kwenye mwiba uleule. Safari hii fanya hivi. Kabla ya kuitoa tyubu, weka alama ya chaki kwenye tairi mahali valvu ilipo, na ukumbuke upande upi wa tyubu ulitazama cheni. Itoe, ijaze upepo mpaka inenepe kuliko kawaida, izungushe taratibu karibu na mdomo au ndani ya maji mpaka upate tundu. Kisha ilaze juu ya tairi, valvu kwenye alama. Tundu litakuonyesha sehemu ya kutafuta. Kama hukumbuki upande, tafuta sehemu mbili, umbali uleule kila upande wa valvu.

Namna tundu lilivyo ndiyo itakuambia chanzo. Tundu moja dogo upande wa nje ni kigae, mwiba au waya mwembamba wa chuma, ule unaomwagika kutoka kwenye matairi ya magari yaliyochakaa. Waya huu hauonekani kwa urahisi. Pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi, kitanasa pale ulipo, kisha uuvute kwa koleo. Usitangulize vidole. Matundu mawili sambamba, kama alama za meno ya nyoka, maana yake tyubu ilibanwa kati ya tairi na rimu ulipogonga ukingo au shimo: upepo ulikuwa mdogo. Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, linatokana na ncha ya spoku au utepe wa rimu uliosogea. Weka utepe mpya. Tyubu iliyochanika shinani mwa valvu haizibiki. Husababishwa na kuendesha upepo ukiwa kidogo, tairi likateleza kwenye rimu na kuivuta valvu, au na kupampu huku unaikunja.

Kiraka huachia kwa sababu moja kuu: solusheni ilikuwa bado mbichi. Kwaruza kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka ung'avu wa mpira uishe, paka solusheni nyembamba, subiri kama dakika 5 mpaka ukigusa ukingoni haishiki kidole, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu, ukianzia katikati kwenda nje. Njiani beba tyubu nzima ya akiba, vipande viwili vya kutolea tairi na pampu. Viraka ni kazi ya nyumbani, penye mwanga.

Upepo wenyewe: kiwango cha juu kimeandikwa ubavuni mwa tairi, nawe hutakiwi kukifikia kila mara. Kwa mtu wa kilo 70 hadi 80 na tairi la milimita 35 hadi 40, anza na bar 3.5 hadi 4.5, la milimita 28, bar 5 hadi 6. Gurudumu la nyuma lipate kidogo zaidi, kwa sababu linabeba sehemu kubwa ya uzito wako, na hiyo ndiyo sababu pancha hulipenda. Pima kila wiki, kwani tyubu hupoteza upepo hata baiskeli ikiwa imeegeshwa.

Na cheni. Imeanza kuruka siku ileile uliyoanguka, kwa hiyo sidhani kama imechakaa. Baiskeli ikianguka upande wa gia, uzito wake hutua juu ya kile kimkono cha nyuma chenye vigurudumu viwili vidogo, nalo sikio la metali linalokishikilia kwenye fremu hupinda kwenda ndani. Chuchumaa nyuma ya baiskeli utazame. Vigurudumu viwili vinapaswa kusimama wima, kimoja chini ya kingine, sambamba na meno ya gia. Kikionekana kimelala kuelekea spoku, ndicho hicho. Usijaribu kuponya kwa kukaza waya wa gia; utaipata gia moja na kuzikosa tano. Na mpaka kitengenezwe, usitumie gia kubwa kabisa ya nyuma, ile iliyo karibu na spoku: kimkono kilichopinda kinaweza kuingia kwenye spoku na kung'oka pamoja nazo, gurudumu likajifunga ukiwa katikati ya magari. Fundi mwenye kipimo cha kunyooshea sikio humaliza kazi hiyo haraka. Masikio mengi ni ya aluminiamu na hufungwa kwa skrubu. Likinyooshwa mara moja linavumilia, likipinda tena libadilishwe, na kwa kuwa kila fremu ina umbo lake la sikio, nenda na la zamani mkononi.

Kama kimkono kiko wima, pima cheni. Chukua rula, pima pini 25 mfululizo kutoka kitovu cha ya kwanza hadi kitovu cha ya mwisho. Cheni mpya ni milimita 304.8. Ikifika 306.5 nunua nyingine. Ikipita 308, meno ya gia ya nyuma nayo yameshalika kwa kuifuata, na cheni mpya juu ya meno hayo itaruka zaidi ya ile ya zamani, hivyo vibadilishwe pamoja.